Nani anawapima wenye bomu? Silaha za nyuklia zikielezwa kutoka barabara ya Tunduma

Mwishoni mwa Juni 2025, siku chache baada ya ndege za Marekani kushambulia mitambo ya nyuklia ya Iran pale Fordow, Natanz na Isfahan, nilikuwa nimekaa kwa mama ntilie Uyole, Mbeya, nimekumbatia kikombe cha chai kwa mikono miwili kama tunavyofanya sote mwezi huo wa baridi. Lori likaegeshwa ng'ambo ya barabara, kijana akashuka, akanitambua kabla mimi sijamtambua. "Shikamoo mwalimu." Nilimfundisha fizikia hadi kidato cha nne. Sasa ni dereva, anapeleka kontena Lubumbashi na kurudi na shaba.

Redio ilikuwa inasoma habari ya Iran. Akaisikiliza mpaka mwisho, akakata kipande cha chapati, akaniuliza: "Mwalimu, hebu nieleweshe. Marekani anayo mabomu maelfu, Urusi anayo maelfu. Huyu anapigwa kwa kuwa wanahisi anataka kuwa nalo moja. Hiyo sheria ilitungwa na nani?"

Nilimpa jibu la dakika kumi, maana alikuwa anaiwahi foleni ya mpakani. Jibu lilikuwa fupi mno kwa swali zuri kiasi kile, na tangu siku hiyo nimejiona nina deni. Ninalilipa hapa, na nitaanzia kwenye barabara ile ile aliyokuwa anaifuata.

Barabara hiyo inapita Mbalizi na Vwawa, inavuka Tunduma, inakatiza Zambia na kuingia Congo kwa Kasumbalesa. Ukishafika Lubumbashi na kuendelea kidogo kuelekea Likasi, unakaribia mahali panapoitwa Shinkolobwe. Pale palikuwa na mgodi wa urani yenye utajiri ambao haujapata kuonekana kwingine: mawe mengine yalikuwa zaidi ya nusu yake ni oksidi ya urani yenyewe. Mwaka 1940, mkuu wa kampuni ya Kibelgiji iliyomiliki mgodi huo, Edgar Sengier, alisafirisha zaidi ya tani 1,200 za mawe hayo hadi New York na kuyahifadhi kwenye ghala la Staten Island. Jeshi la Marekani liliyanunua mwaka 1942. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika kuunda mabomu ya kwanza ilitoka Katanga. Bomu la Hiroshima, Agosti 6, 1945, lilikuwa na kilo 64 za urani iliyorutubishwa, na iliyopasuka kweli haikufika hata kilo moja. Mpaka mwaka ule unaisha watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa.

Kwa hiyo mtu asikwambie kwamba habari hizi ni za wazungu. Zilianza na udongo wa jirani yetu.

Maharage elfu moja kwenye ungo

Kinachofanya bomu la nyuklia liwe gumu kulipata ni malighafi yake. Michoro siyo siri kubwa kama watu wanavyodhani. Wataalamu wa fizikia wa nchi nyingi wanajua bomu la aina ya Hiroshima lilifanyaje kazi, kiasi kwamba Wamarekani hawakulijaribu kabla ya kulitumia. Ukiielewa malighafi, nusu ya siasa za nyuklia inafunguka.

Chukua ungo. Weka maharage elfu moja, rangi moja, saizi moja. Kati ya hayo, saba ni mepesi kidogo kuliko wenzake, na tofauti ya uzito haifiki hata mbili kwa mia. Hiyo ndiyo urani inavyotoka ardhini. Atomu 993 katika kila elfu ni za aina nzito, urani 238, ambazo hazifai kwa bomu. Saba tu ndizo urani 235, zinazopasuka zikaachia nguvu na kupasua wenzake. Kurutubisha urani ni kuyatoa yale mazito ili mepesi yazidi kuwa wengi kwenye ungo. Huwezi kuyachagua kwa jicho wala kwa dawa, kwa sababu kikemia ni kitu kimoja. Njia iliyobaki ni uzito.

Wafugaji wa Rungwe na Njombe watanielewa haraka. Mashine ya kutenganisha krimu inazungusha maziwa kwa kasi, kizito kinakimbilia pembeni, chepesi kinabaki katikati. Urani nayo inageuzwa kuwa gesi, inatiwa kwenye mitungi myembamba inayozunguka kwa kasi isiyo ya kawaida, ile ambayo redioni unasikia ikiitwa mashinepewa. Mtungi mmoja unatenganisha kidogo sana, kwa hiyo inafungwa maelfu, gesi ikipita huu kwenda ule, kama mama anayepeta mchele wa Kyela tena na tena hadi pumba ziishe.

Sasa hesabu kwenye ungo wako. Ukitaka maharage mepesi yafike manne katika kila mia, kiwango cha kawaida cha kinu cha kuzalisha umeme, itabidi uyatoe mazito 825. Yamebaki 175. Ukitaka yafike ishirini kwa mia, unatoa mengine 140 tu. Yamebaki 35. Ukitaka tisini kwa mia, ambacho ndicho kiwango cha bomu, unatoa 27, basi. Mkononi mwako una manane: saba mepesi, moja zito.

Rudia kuitazama hesabu hiyo, kwa sababu ndiyo inayowakosesha usingizi wakaguzi wa nyuklia wa dunia pale Vienna, Austria. Kazi kubwa ya kufikia bomu inafanyika mapema kabisa, ukiwa bado unasema, na pengine kwa ukweli mtupu, kwamba unataka umeme. Safari ya mwisho ni fupi. Iran mwaka 2021 ilianza kurutubisha hadi asilimia 60, yaani kwenye ungo yamebaki maharage kumi na mawili, na kufikia Juni 2025 ilikuwa na zaidi ya kilo 400 za kiwango hicho. Wakaguzi hawakutangaza kwamba kuna bomu. Walisema kiasi hiki kipo, na kwamba hakuna nchi nyingine isiyo na silaha za nyuklia inayorutubisha hadi hapo. Mkataba wa 2015 kati ya Iran na mataifa makubwa ulikuwa umeibana Iran isizidi asilimia 3.67 na akiba ya kilo 300. Marekani ilijitoa kwenye mkataba huo Mei 2018, na Iran nayo ikaanza kuvuka mipaka yake kidogo kidogo. Nikiulizwa nani alivunja mapatano kwanza, nitataja tarehe hizo kwa mpangilio huo.

Ipo njia ya pili, ya plutoniamu, ambayo haichimbwi bali inazaliwa ndani ya kinu chenye mafuta ya urani na kutenganishwa kwa kemikali. Bomu la Nagasaki lilitumia kilo sita hivi. Kimsingi shida ni ile ile: kinu kinachowasha taa kinaweza pia kuzaa kitu kingine, na aliye nje ya uzio hajui mpaka ahesabu.

Hapa niseme neno kuhusu kwetu. Ng'ambo ya mto Songwe, wilayani Karonga, Malawi, upo mgodi wa urani wa Kayelekera, ulioanza 2009, ukasimama 2014 bei ilipoanguka, na kufufuliwa 2025. Upande wa Ruvuma, Namtumbo, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua uchakataji wa urani wa mradi wa Mto Mkuju Julai 2025. Nimesikia vijiweni watu wakisema sasa tutakuwa na bomu, au kwamba lori la urani likipinduka Makambako mji utafutika. Hapana. Kinachotoka mgodini ni unga ambao kwenye ungo wetu bado ni yale maharage saba katika elfu. Hatari zake ni za mgodi: vumbi kwenye mapafu ya wachimbaji, maji ya mabwawa ya taka, na mionzi midogo inayotakiwa kupimwa, ambayo kwetu ni kazi ya Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania. Hizo ndizo za kufuatilia kwa ukali. Lakini unga huo nao lazima uandikwe umekwenda kwa nani, kilo ngapi, kwa sababu safari ya ungo inaanzia hapo.

Sili na mizani

Kijana wangu anaifahamu kazi ya wakaguzi wa nyuklia kuliko anavyodhani. Kontena analopeleka Congo halilipi ushuru wa Tanzania kwa sababu si la kuuzwa hapa. Linapita tu. Basi linafungwa sili bandarini, linafuatiliwa njia nzima, linapita mizani ya Wenda, ya Makambako, ya Mpemba. Kwa nini? Kwa sababu mzigo halali ni rahisi kuugeuza haramu: unashushwa njiani usiku, unauzwa dukani, kontena linaendelea na safari likiwa na mawe. Hakuna anayemkataza dereva kusafirisha. Wanataka tu kujua kwamba kilichotoka Dar es Salaam ndicho kinachofika.

Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, lililoundwa 1957 na kuweka makao yake Vienna, linafanya kazi hiyo hiyo kwa urani na plutoniamu. Nchi inatangaza ilichonacho hadi gramu. Wakaguzi wanakuja, wanapima, wanalinganisha na vitabu, wanafunga sili kwenye matangi na kamera juu ya ukuta, wanarudi tena kuona kama sili haijaguswa. Kiasi wanachokiogopa kikipotea ni kilo 25 za urani 235, au kilo nane za plutoniamu. Ni kidogo kuliko begi la mwanafunzi anayekwenda bweni.

Kupima huku kunafanya kazi. Mwaka 1992 Korea Kaskazini iliwaambia wakaguzi kwamba ilikuwa imetenganisha plutoniamu mara moja tu, gramu chache za utafiti. Wakaguzi walipangusa kuta na vifaa kwa vitambaa, wakapeleka lile vumbi maabara. Vumbi likasema vingine: kazi ile ilifanyika zaidi ya mara moja, kwa nyakati tofauti. Nchi nzima inaweza kukubaliana kusema uongo, lakini ile chembe iliyonasa kwenye kona ya bomba ina umri wake na haijui kuubadilisha.

Ila mizani inapima lori lililopita juu yake. Iraq ilikuwa imesaini kila kitu, wakaguzi wakawa wanahesabu kile walichoonyeshwa, na baada ya vita ya 1991 dunia ikagundua kulikuwa na mradi mwingine mzima uliofichwa. Hapo ndipo ikaja itifaki ya ziada ya 1997, inayowaruhusu wakaguzi kuuliza na kufika mahali ambako hawakuelekezwa. Hata hivyo kukamata si kuzuia. Korea Kaskazini ilinaswa 1992, ikatangaza kujitoa kwenye mkataba wa kuzuia silaha hizi kuenea Januari 2003, na Oktoba 9, 2006 ikalipua bomu lake la kwanza la majaribio. Hadi Septemba 2017 ilikuwa imelipua sita.

Wenye bomu wanalifanyia nini?

Tangu Nagasaki hakuna aliyelitumia vitani. Zipo nchi tisa zenye silaha hizi: Marekani, Urusi, China, Ufaransa, Uingereza, India, Pakistan, Korea Kaskazini na Israel, ambayo haijawahi kukiri. Zina vichwa vya nyuklia kama 12,000 kwa jumla, na karibu tisa katika kila kumi ni vya Marekani na Urusi. Vimekaa tu. Wenyewe wanasema kukaa kwake ndiyo kazi yake, na hapo ndipo tunaingia kwenye fikra ya kuzuiana kwa hofu.

Nenda Mufindi, watu wawili wana mashamba ya mipaina yaliyopakana. Miti ina miaka kumi na tano, ndiyo ada ya watoto, ndiyo nyumba, ndiyo uzee. Hawapendani. Kila mmoja anajua mwenzake ana kiberiti mfukoni. Septemba, majani yamekauka, upepo unavuma. Kwa nini hakuna anayechoma? Kwa sababu aliyeunguliwa atachoma na yeye, kabla majivu ya kwake hayajapoa. Wote wawili wanalala wakijua hivyo, na miti inaendelea kukua. Wanaoitetea fikra hii wanasema ndiyo sababu Marekani na Urusi ya Kisovieti hawakupigana ana kwa ana kwa miaka zaidi ya arobaini ya uadui. Siwezi kuwabeza. Kuna ukweli ndani yake.

Lakini tazama inachodai. Kwanza jirani lazima abaki na kiberiti hata baada ya shamba lake kuungua, la sivyo mwenzake atashawishika kumwahi. Ndiyo maana mataifa makubwa yanatumia fedha za kutisha kuficha makombora ndani ya nyambizi zinazozurura chini ya bahari, ambako hakuna wa kuzipiga zote kwa mkupuo. Kisha lazima kila mmoja aamini kwamba mwenzake atathubutu kweli. Hili si la kupimwa kwa mizani yoyote. Unasoma uso wa mtu, hotuba zake, historia yake, unakisia. Marekani imewaahidi pia rafiki zake, Japani, Korea Kusini na nchi za NATO, kwamba atakayewachoma wao atachomwa. Ahadi hiyo inaitwa mwavuli, na imesaidia nchi zenye uwezo wote wa kutengeneza bomu zisilitengeneze. Sasa jiulize mkazi wa Seoul anavyojisikia kila serikali mpya inapoingia Washington.

Na tena, moto usiwashwe kwa bahati mbaya. Januari 25, 1995, wanasayansi wa Norway walirusha roketi kutoka kisiwa cha Andøya kwenda kuchunguza mianga ya anga ya kaskazini. Rada za Urusi zikaiona ikipanda. Ilifanana na kombora kutoka nyambizi ya Marekani, lile moja la mwanzo ambalo hupasuka juu kupofusha rada kabla ya mengine kuja. Norway ilikuwa imetoa taarifa mapema, wiki kadhaa kabla, tena kwa njia rasmi. Taarifa ikafika Moscow, ila haikuwafikia waliokaa mbele ya rada. Mkoba wa kuamrisha mashambulizi ukafunguliwa mbele ya Rais Boris Yeltsin, dakika zikawa zinahesabika, mpaka ikaonekana roketi inaelekea mbali na Urusi. Vita baridi vilikuwa vimeshaisha. Hapakuwa na ugomvi wowote siku ile. Ilikuwa karatasi moja ambayo haikufika mezani.

Mwaka 1983 mitambo ya Kisovieti ilisoma mwanga wa jua juu ya mawingu kuwa ni makombora matano, na afisa wa zamu, Stanislav Petrov, akaamua kutoyaamini. Mwaka 1962, karibu na Cuba, ndani ya nyambizi ya Kisovieti iliyokosa mawasiliano, afisa mmoja, Vasili Arkhipov, alikataa kombora la maji lenye kichwa cha nyuklia lirushwe. Ninapolifikiria hilo ninaingiwa na woga wa kweli. Mfumo uliotakiwa kusimama juu ya hesabu ulisimama juu ya mtu mmoja aliyesita.

Hili linatuhusu sisi ambao hatuna kiberiti wala ugomvi. Mwaka 2022 watafiti walichapisha katika jarida la Nature Food makadirio ya moshi na masizi ya miji inayoungua yakipanda angani na kuzuia jua. Vita ya nyuklia ya India na Pakistan peke yao inaweza kuua kwa njaa zaidi ya watu bilioni 2. Ya Marekani na Urusi, zaidi ya bilioni 5. Mkulima wa Makete hahitaji kuelezwa. Anajua usiku mmoja tu wa Juni, umande ukiganda kuwa barafu, asubuhi majani ya viazi yamekuwa meusi kama yamemwagiwa maji ya moto. Fikiria usiku wa namna hiyo ukirudi katika miezi ambayo si yake, mwaka baada ya mwaka, Njombe na Uporoto na Ismani, maeneo yanayolisha nchi.

Mapatano yenye kovu

Sasa ndiyo tumefika kwenye swali la kijana: sheria ilitungwa na nani? Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia, maarufu kama NPT, ulifunguliwa kusainiwa Julai 1, 1968 na kuanza kazi Machi 5, 1970. Ni mapatano ya kubadilishana. Nchi zilizokuwa zimelipua bomu kabla ya Januari 1, 1967 zinatambuliwa kuwa nazo, nazo ni tano. Wengine wote wanaahidi kutolitafuta na kukubali kupimwa. Kwa kukubali huko wanapata haki ya nyuklia ya amani, umeme, hospitali, kilimo. Na wale watano wanaahidi, katika kifungu cha sita, kufanya mazungumzo kwa nia njema ya kuachana na silaha zao.

Kwa hiyo ndiyo, una ubaguzi ndani yake, na aliyeuona hajakosea. Mstari ulichorwa pale wakubwa walipokuwa wamesimama. India na Pakistan hazikuingia kabisa. Tanzania nayo haikuingia kwa zaidi ya miaka ishirini. Tuliingia 1991, mwaka ule ule walioingia Zambia na Afrika Kusini, na kuingia kwa Afrika Kusini kuna habari inayotugusa.

Miaka ambayo reli ya TAZARA ilikuwa inabeba mizigo ya Zambia kupitia Mbeya ili isitegemee njia za kusini, na wapigania uhuru wa chama cha PAC cha Afrika Kusini wakiwa na kambi yao Chunya, serikali ya makaburu ilikuwa inaunda mabomu ya nyuklia kwa siri. Ilimaliza sita. Chunya! Wazee wetu waliokuwa wakiwauzia wale vijana nyanya na sigara hawakujua kwamba adui wa wageni wao ana kitu hicho stoo.

Kisha, kuanzia 1989, Afrika Kusini ikiwa imejitoa kwenye vita ya Angola na ubaguzi ukielekea ukingoni, rais wake, F. W. de Klerk, akaamuru yavunjwe. Alitangaza hadharani Machi 24, 1993. Dunia iliaminije? Kwa kuhesabu. Wakaguzi walipewa vitabu vya kiwanda cha kurutubisha cha Valindaba vya miaka yote, wakavipitia siku kwa siku, urani iliyoingia na iliyotoka, mpaka wakaridhika kwamba hakuna kilo zilizobaki nyuma ya pazia. Mashimo yaliyochimbwa jangwani Kalahari kwa ajili ya majaribio yakajazwa, wakaguzi wakiangalia. Ndiyo nchi pekee iliyojiundia bomu yenyewe kisha ikalivunja. Mkataba wa kuifanya Afrika kuwa bara lisilo na silaha za nyuklia, uliosainiwa Cairo 1996 na kuanza kazi 2009, unaitwa Pelindaba, kwa jina la kituo cha utafiti kilicho jirani na kiwanda kile. Ni maneno ya Kizulu: shauri limekwisha.

Mtu makini atanipinga hapa, na lazima nimsikilize. Libya iliacha mradi wake Desemba 2003, na 2011 Gaddafi akauawa. Ukraine ilirithi vichwa vikubwa kama 1,900 vya Kisovieti, ikavitoa baada ya kuahidiwa Budapest mwaka 1994 kwamba mipaka yake itaheshimiwa na Urusi, Marekani na Uingereza. Mwaka 2014 ikanyang'anywa Crimea, na 2022 ikavamiwa. Somo ambalo watawala wengi wamelichukua ni kwamba aliye na bomu haguswi. Siwezi kusema hawana pa kulitoa. Najua kwamba funguo za vile vichwa vya Ukraine zilikuwa Moscow, si Kiev, kwa hiyo haikuwa silaha iliyo tayari mkononi. Lakini ahadi ilikuwa ahadi, na aliyeivunja alifanya kazi ya kueneza silaha za nyuklia kuliko msafirishaji yeyote wa magendo.

Ninachoweza kuweka mezani mkabala na hilo ni majirani wawili ambao hawasemwi sana. Brazil na Argentina kila mmoja alikuwa na mradi wake wa kurutubisha, wanajeshi wao wakitazamana kwa wasiwasi. Mwaka 1991 wakaunda shirika la pamoja: mkaguzi wa Brazil anakwenda kupima mitambo ya Argentina, wa Argentina anakwenda Brazil. Mpaka leo wanahesabiana. Hawakusubiri kupendana kwanza.

Hata wakubwa waliwahi kufanya hivyo, na wengi wamesahau. Baada ya mkataba wa 1987 wa kuteketeza makombora ya masafa ya kati, Wamarekani waliishi nje ya geti la kiwanda cha makombora cha Votkinsk, ndani kabisa ya Urusi, wakikagua kila behewa linalotoka. Warusi nao waliishi nje ya kiwanda cha Magna, Utah. Mizani mlangoni, mwaka mzima, mvua na theluji. Vichwa vya nyuklia duniani vilikuwa karibu 70,000 mwaka 1986. Vimeshuka hadi hivyo 12,000, na vilishuka katika miaka hiyo ya kukaguana.

Mkataba wa mwisho wa aina hiyo kati ya Marekani na Urusi ulisainiwa Prague 2010. Ulimwekea kila mmoja kikomo cha vichwa 1,550 vilivyo tayari, na ziara hadi 18 za ukaguzi kwa mwaka. Machi 2020 ziara zilisimamishwa kwa sababu ya korona na hazikurudi tena. Februari 2023 Urusi ikasitisha ushiriki wake. Februari 5, 2026 ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya mkataba wenyewe. China, ambayo sasa ina vichwa visivyopungua 600 na inaongeza, haijawahi kuwa ndani ya mapatano hayo.

Nilimsomea kijana sehemu hii kwa simu. Alikuwa kwenye foleni Tunduma, siku ya tatu, nasikia injini na wauza mahindi ya kuchoma nyuma yake. Akanyamaza kidogo.

"Kwa hiyo mwalimu, mimi na shaba yangu napimwa mara tatu kabla sijafika Morogoro. Wale wawili kwa sasa nani anawapima?"

"Kwa sasa hakuna, mwanangu."

"Hakuna kabisa?"

Nikamwambia satelaiti zipo, kila mmoja anamchungulia mwenzake kutoka juu. Lakini mtu wa kuingia ndani, ashike sili kwa mkono wake, ahesabu, aandike, hakuna.